Kipande Changu cha Ukuta

Barua iliyotuita ilianza na sukari. Mwenzetu mmoja wa darasani, ambaye siku hizo alikuwa nesi pale Same, alitaka sote tuliomaliza pamoja darasa la kumi na mbili tukutane nyumbani kwake Jumamosi moja ya likizo. Kabla hata ya kutujulia hali aliandika kwamba kila mmoja aje na sukari yake, kwa sababu duka la ushirika lilimgawia kidogo mno na yeye anatujua tulivyo kwenye chai. Ilikuwa miaka ile ya foleni, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Niliijaza sukari yangu kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalizungushia kanga mbili, nikalizika katikati ya sanduku. Njia nzima kutoka Tabora, kwenye treni na kwenye mabasi, kila aliyelitazama sanduku hilo mara mbili nilimkazia macho mpaka akageukia dirishani.

Sikwenda kwa ajili ya nesi, Mungu anisamehe. Barua ilikuwa na orodha ya walioalikwa, na pembeni mwa jina moja nesi aliandika kwa penseli: "Yuko Kihurio. Nimekutana naye sokoni, anasema atajaribu." Niliyasoma maneno hayo jikoni, nikayasoma darasani wanafunzi wakifanya mtihani, nikayasoma tena kitandani mpaka mume wangu akauliza kama kuna msiba. Nilikuwa sijamtia machoni mtu huyo kwa miaka kumi na saba, na hakuna mwaka hata mmoja kati ya hiyo ambao sikutamani kumwona.

Tulikutana kwenye shule ya misheni ya wasichana huko juu milimani, upande wa Chome, tukiwa ndio kwanza tunaingia darasa la tisa, bado na akili ya kubebewa ndoo na si ya kubeba. Baridi ya kule haina adabu. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Shengena ukaingia bwenini bila kubisha hodi, na kila msichana alikuwa na blanketi moja tu. Wiki ya kwanza yeye alikuja kitandani kwangu na blanketi lake, akalitandika juu ya langu, akajilaza na kusema, "Sogea." Hakuuliza. Nilisogea, na kwa miaka minne hatukutenganisha mablanketi hayo ila siku za kufua. Wenzetu wakatuita pacha, ingawa yeye alikuwa mrefu na mimi nilikuwa, na bado niko, wa kuwafikia watu kifuani.

Nikimkumbuka naikumbuka kwanza siku ya Uhuru. Mwaka ule tulichelewa kufunga shule ili tusherehekee pamoja na kijiji, na kila msichana akapewa bendera ndogo ya karatasi. Mvua ikanyesha, yangu ikalowa ikabaki kijiti. Nikaanza kulia, msichana mkubwa mzima. Yeye akachukua yake, akaichana katikati, akanipa nusu. Mwalimu mkuu, mama wa Kizungu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alituona. Akapiga kelele kwamba nchi haijamaliza hata siku moja na huyu mtoto tayari ameichana bendera! Tulipalilia bustani ya kabichi kwa wiki nzima sote wawili, yeye kwa kuchana na mimi kwa kupokea. Katika wiki hiyo tulicheka kiasi kwamba mwalimu mkuu alikuja mara tatu kuhakikisha kama kweli tunaadhibiwa.

Tulipomaliza, mimi nilikwenda chuo cha ualimu, kisha nikapangiwa Tabora. Yeye alirudi kwao, akaolewa na mkulima wa huko chini tambarare, upande wa Kihurio, mwanamume mpole mwenye shamba la mpunga na mahindi penye mifereji. Wakaanza kujenga nyumba. Akaniandikia barua ya kuniita siku ya kukandika.

Hapa lazima nieleze, maana hapa ndipo nilipokosea. Kwetu Upareni kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Mfereji, barabara, nyumba, vyote ni msaragambo: watu wanaitwa, wanakuja na majembe yao, kazi inakwisha. Asiyekuja bila sababu analipa faini, kuku au debe la mahindi, na akishalipa hakuna anayemnunia, ila pia hakuna anayemtazamia. Na nyumba ya bi harusi ikikandikwa, chumba chake cha kulala huachiwa wenzake aliokua nao. Kila mmoja anapewa kipande chake, nafasi kati ya nguzo mbili, anakanyaga udongo wake na kukijaza kwa mikono yake. Aliye karibu naye kuliko wote hupewa kipande cha kichwani mwa kitanda. Barua yake ilisema hivyo waziwazi: "Cha kichwani ni chako. Njoo."

Nami nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mwalimu mpya, nina mshahara wangu wa kwanza na kichwa kikubwa kuliko mshahara wenyewe. Kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu niliona aibu. Safari niliona ndefu. Nikaenda kwa Mhindi mjini Tabora nikachagua kitenge kizuri kuliko vyote dukani, cha buluu chenye maua ya manjano, nikampa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakwenda likizo Upareni. Juu yake nikaweka karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu bora wa ubaoni: "Hiki ni badala yangu." Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani likizo, nikamsimulia mama. Alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Ulimtumia kitambaa siku ya kukandika?"

"Ndiyo, mama. Kizuri sana."

"Na ukaandika ni badala yako?"

"Ndiyo."

"Mlisomeshwa nini huko, mwanangu? Umemlipa mwenzio faini."

Mtu wa Dar es Salaam angefanya vile ingekuwa zawadi. Mnyamwezi angefanya vile ingekuwa zawadi nzuri. Mimi, Mpare mzaliwa wa mlimani, niliyemwona mama yangu akipokea kuku wa faini mara ngapi, nilikuwa nimemwambia rafiki yangu kwa maandishi kwamba nimelipa, nimemaliza, asinitazamie tena. Nilimwandikia barua jioni ile ile. Nikamwandikia nyingine kutoka Tabora, na nyingine, nikieleza, nikiomba radhi, mara ya mwisho nikigomba kidogo kwa sababu ndivyo nilivyo. Hakujibu hata moja. Nikaolewa, nikazaa, nikahamishwa shule mara tatu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wa kule tambarare wakahamishwa kutoka mashambani kwao, na niliporudi nyumbani nikauliza, hakuna aliyejua yeye alipelekwa kijiji gani. Kusema kweli sikuuliza sana. Niliogopa kupata jibu.

Basi hiyo Jumamosi niliingia uani kwa nesi, Same, upepo ule wa Same ukinipuliza kanga usoni, na moyo wangu ukitaka jambo moja tu: kujua kama bado mimi ni mtu wake.

Upepo ulikuwa umenitia vumbi machoni, nadhani ndiyo maana. Mlangoni alisimama mama mzito mwenye mvi, nami nikapiga goti kidogo kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akanishika kichwa akanibariki, na uani kote watu wakaangua kicheko. Alikuwa kiongozi wetu wa bweni, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Wiki nzima baadaye nilikuwa bado najisikia vibaya, lakini siku ile ilitusaidia. Baada ya mimi kumwamkia mwenzangu wa darasa hakuna aliyebaki na haya ya kuuliza wewe ni nani.

Tulikuwa kumi na mmoja kati ya ishirini na sita. Wawili walikwisha kufa, na tulipowataja mmoja akakumbuka jinsi marehemu mmoja alivyoficha andazi kwenye kitabu cha nyimbo, tukacheka tena kwa kumwonea huruma. Sukari zilikusanywa mezani, kopo, chupa, bahasha, na nesi akazitazama kwa mapenzi niliyokuwa sijamwona nayo kwa binadamu. Makande yakapandishwa kwenye mafiga uani. Kila mtu alisema habari zake: mmoja katibu wa wilaya kusini, mmoja ana watoto tisa, mmoja alikwenda kusoma Bulgaria akarudi na mashine ya kushonea. Nilisikiliza nusu. Kila mara lango lilipolia niligeuka.

Alikuja saa saba kasoro robo, vumbi hadi kwenye nyusi, maana alipanda lori la mpunga. Alikuwa bado mrefu. Alikuwa amekonda, na meno mawili ya mbele yalikuwa hayapo, na alikuwa na kibunda cha mchele kichwani badala ya sukari. "Kwetu sukari tunaisikia redioni," alisema. Akazunguka akimpa kila mtu mkono. Alipofika kwangu alinipa mkono kama wengine, wala haukuzidi wala haukupungua.

"Habari za Tabora, mwalimu?"

"Nzuri," nikasema. "Za Kihurio?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akapita. Mwalimu! Nimeitwa mwalimu na maelfu ya watoto na halijapata kunichoma neno hilo. Nilikaa pale na kikombe changu cha chai nikajiambia, umepata jibu, kunywa chai yako urudi ulikotoka. Wenzangu waliimba wimbo wa shule, nami nikafungua mdomo bila kutoa sauti. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na kitenge. Na katikati ya hasira hizo nilikuwa namtazama anavyosogeza kanga begani kwa kidole kimoja, vilevile alivyokuwa akifanya akiwa na miaka kumi na sita, na nilitamani kwenda kukaa karibu naye.

Makande yalipoiva nesi alitaka watu wa kuepua chungu. Yeye akainuka. Mimi nikainuka kabla sijajijua. Tukashika kila mmoja upande wake kwa matambara, tukatua, tukabaki tumechuchumaa pale kwenye moshi, wengine wakiwa wameingia ndani kukimbia vumbi.

"Nilikosea," nikasema. "Kile kitenge. Sikukusudia faini. Nilikuandikia."

"Barua zako nilizipata."

"Zote?"

"Zote. Hata ile uliyonigombeza."

"Sasa mbona hukujibu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza. "Nijibu nini? Nilishakuita. Mtu akishaitwa kwenye kazi anaitwa mara ngapi? Nilikuwa nakungoja."

Sikumwelewa, nikamwambia sijamwelewa, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Akachukua mwiko, akaanza kukoroga makande ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Siku ile wenzetu walikandika chumba chote," alisema. "Kitenge chako kikafika, karatasi yake ikasomwa mbele ya watu. Mama mkwe akasema, basi, huyo amelipa, kipande chake apewe mwingine. Nikakataa. Nikasema huyo hajui anachoandika, elimu imemzidi. Akija likizo atakikandika."

"Mwaka uliofuata nilikuja likizo."

"Nilisikia. Ulikuja ukaondoka."

"Nilidhani hunitaki."

"Nami nikadhani unaona aibu, nikasema aibu itakwisha, atakuja mwaka mwingine." Akagonga mwiko ukingoni mwa chungu. "Nguzo mbili, fito tupu. Nikaning'iniza mkeka. Mume wangu akasema mke wangu, upepo unaingia, nizibe? Nikamwambia acha, hapo pana mwenyewe. Akaacha. Ni mtu mwema sana."

"Kwa muda gani?"

"Miaka minane. Mpaka tulipohamishwa."

Kisha akanieleza siku ya kuhamishwa, bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Waliambiwa watoke mashambani wakae pamoja barabarani, karibu na shule na zahanati. Vijana wa mgambo walikuja na lori, wakaezua, wakabomoa ili watu wasirudi. Kijana mmoja alipofika chumbani aliondoa mkeka, akashangaa. Akauliza, mama, nyumba ya miaka yote hii, mbona hapa hapajakandikwa? "Nikamwambia nakuomba hapo usipige, panaanguka penyewe. Na kweli pakaanguka penyewe. Fito tu, zingesimama na nini?"

Wenzetu walitoka na sahani wakatukuta mimi nalia kwa sauti na yeye amekasirika kwa sababu namwagia machozi kwenye chakula. Hakuna aliyeuliza. Wanawake wa umri ule wanajua kuacha.

Basi langu la kurudi lilikuwa Jumapili asubuhi, na Jumanne nilitakiwa kufungua shule yangu. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo, mkali kwa wachelewaji, waliosoma kwangu wanajua. Jumapili asubuhi nilisimama na rafiki yangu kituoni. Basi la Korogwe lilipoanza kuunguruma, utingo akilishika sanduku langu, nilimwambia aniachie. Akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia ndiyo. Mchana tulikuwa Kihurio, juu ya magunia matupu ya lori lile lile, na yeye njia nzima akinikumbusha niinamishe kichwa penye miiba.

Nyumba yake ya sasa ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nadhifu, iko kwenye mstari na nyumba nyingine za kijiji. Nilimwamkia mume wake. Alinitazama, akamtazama mke wake, akasema, "Ndiye?" Mke wake akasema, "Ndiye." Yule mzee akacheka polepole, akaenda kutafuta kuku.

Nikamwomba rafiki yangu anipeleke kule ilikokuwa nyumba ya zamani. Akasema hakuna kitu. Nikasema nipeleke. Tulitembea kando ya mfereji kwa muda wa kama saa nzima, jua likiwa limekaa juu ya milima, na kule juu kabisa wingu limefunika msitu wetu wa shule. Shamba la zamani lilifanywa shamba la kijiji, likalimwa misimu michache, kisha likaachwa. Palikuwa na magugu ya kufika kiunoni na mahindi machache yaliyojiotea. Sikuona jiwe, sikuona nguzo, sikuona hata rangi ya udongo iliyo tofauti. Nilikuwa nimeacha basi na shule yangu kwa ajili ya magugu.

Yeye hakutafuta. Alitoka kwenye mfereji, akahesabu hatua kwa mdomo, akakunja kushoto, akasimama. "Mlango," akasema. Akasogea. "Jiko. Hapa kitanda." Akaketi chini, kwenye magugu, akajinyoosha mgongo kama mtu aliyefika kwake. Nikaenda kusimama alikokuwa ameelekeza kichwa. Palikuwa na upepo hapo, upepo wa tambarare wa jioni, mkavu.

"Upepo ulikuwa unapita hapo hapo uliposimama," akasema. "Unanipiga kichwani. Miezi ya baridi nilikuwa navaa kilemba kulala. Na kila usiku, kabla sijalala, nilikuwa nakutukana."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Mume wangu alikuwa ananiuliza, umeshamtukana, nizime taa?"

Akacheka na pengo lake, nami nikajaribu kucheka, sikuweza. Kila usiku wa miaka hiyo minane mimi nilikuwa Tabora, ndani ya nyumba ya serikali yenye madirisha ya vioo, nimelala nikiamini kwamba hakuna tena mtu kule Upareni anayenitaja.